Mishubiri ya Mukogodo

Mama mkuzaji wa miche ninayetaka kumwelezea hapa hachumi mbegu kwenye mshubiri wa kwanza anaokutana nao. Huupita wa kwanza, huupita wa pili, na akifika penye kichaka cha miiba husimama, akainama, akautazama mmea jinsi ulivyoishika ardhi. Anatafuta mmea mzazi: uliokomaa ukiwa na afya, wenye majani manene yasiyo na madoa ya ugonjwa, uliotoa maua mwaka wa kiangazi kikali wakati jirani zake hawakutoa hata bua moja. Akiupata, huchomoa uzi mwekundu mfukoni na kuufunga kwenye bua la maua, chini kabisa, mahali ambapo upepo hautaufungua. Kuanzia hapo mmea ule umeingia katika hesabu yake, ingawa mbegu zenyewe bado ni changa.

"Mbegu mbovu hunywa maji sawasawa na mbegu njema, mwanangu," aliniambia nilipomuuliza kwa nini hachukui tu za karibu na nyumbani. Kisha akaendelea kutembea.

Makao yake ni upande wa Mukogodo, kaskazini mwa Laikipia, ambako udongo ni mwekundu wa kichanga na mvua ya mwaka mzima, katika sehemu nyingi, haifiki milimita 600. Kati ya mwisho wa 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na wafugaji wa huku wanakumbuka mizoga iliyolala kando ya njia. Mshubiri ulivuka miaka hiyo ukiwa hai. Wataalamu wanauita Aloe secundiflora, jina ulilopewa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1895. Wamaasai wanauita osuguroi, na tangu zamani mizizi yake imetumika kuchachusha pombe ya asali ya sherehe. Ni mwenyeji wa ukanda huu wetu: Ethiopia, Sudan Kusini, Kenya, Tanzania na Rwanda.

Ukiutazama kwa utulivu utaona ulivyoumbwa kwa ajili ya kiangazi. Hauna shina refu. Majani yake hutoka karibu na ardhi na kujipanga kwa duara, mapana upande wa chini na yenye ncha juu, kingo zake zina meno ya kahawia. Ndani ya jani mna ute mzito unaotunza maji; chini ya ngozi yake mna utomvu wa manjano, mchungu kiasi kwamba mbuzi mwenye njaa huonja mara moja na kuondoka. Bua la maua hupanda hadi kifuani mwa mtu mzima, likatoa matawi yanayolala kando, na maua yake mekundu ya waridi husimama yote upande wa juu wa tawi. Mara nyingi huchanua katika miezi mikavu, wakati mimea mingi haina kitu cha kuwapa nyuki, na ndege chozi hushinda hapo kutwa, akihama kutoka bua hadi bua na kubeba chavua kwenye mdomo wake uliopinda.

Mishubiri ya aina nyingine huzaa machipukizi ubavuni, na mtu anaweza kuyang'oa akayapanda. Huu hutoa machipukizi kwa nadra sana. Anayetaka mia moja lazima apitie kwenye mbegu, na kwa muda mrefu watu wengi hawakuwa na subira hiyo. Waliingia porini wakakata majani kwa ajili ya utomvu, au wakang'oa mimea mizima. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 amri ya rais ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini nchini Kenya, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuwawezesha watu kuipanda na kuivuna kwa leseni. Katika biashara ya kimataifa, jamii nzima ya Aloe, isipokuwa Aloe vera, iko chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES. Hivyo kitalu cha mama huyu kina uzito mkubwa kuliko ukubwa wake. Kila mche unaotoka pale unachukua nafasi ya mmea mmoja ambao ungeng'olewa mlimani.

Maua yakishadondoka hubaki vifuko vya mbegu, vya kijani, kila kimoja kikiwa na vyumba vitatu. Hapo ndipo macho yake yanapoanza kazi. Kifuko kikiwa kijani, mbegu ndani ni nyeupe na laini, haina maisha ya kutosha kusimama peke yake. Kikikauka kabisa hupasuka mara tatu kutoka kwenye ncha, na kwa kuwa kila mbegu ina utando mwembamba pembeni, upepo wa alasiri moja unaweza kuzichukua zote. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu. Yeye husubiri rangi ya kijani ififie iwe kahawia, na ncha ifungue ufa ambao ukucha unaweza kuingia. Vifuko vya chini ya bua hukomaa kabla ya vile vya juu, kwa hiyo hurudi kwenye mmea uleule tena na tena, na kila mara huchukua vile tu ambavyo siku yake imefika.

Huenda alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu ufa uliolowa hauachii mbegu kirahisi. Huvika tawi mfuko wa kitambaa, akaukaza mdomo wake kwa vidole, akalikata tawi kwa kisu kidogo kwa mshazari, kisha akaugeuza mfuko juu chini kabla ya kuachia mkono. Mwendo huo wote hauna papara, na sijaona mbegu ikianguka nje. Kwenye kila mmea huacha baadhi ya matawi bila kuyagusa, ili upepo nao upande sehemu yake.

Nyumbani, vifuko hutandazwa kivulini juu ya shuka kuukuu kwa siku kadhaa. Jua kali lingevikausha haraka, lakini lingepika na mbegu. Vikishaanza kualika vinaposhikwa, huvisugua katikati ya viganja viwili, polepole, hadi maganda yaachane na mbegu. Kinachofuata ni kupeta, na hapa ugumu ni wa aina yake. Mahindi au maharagwe hupetwa penye upepo: makapi huruka, punje hubaki. Mbegu ya mshubiri ina utando, na uzito wake unakaribiana na wa makapi yenyewe, kwa hiyo upepo ungebeba vyote. Mama huyu hupeta ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Ungo wake husogea kwa kifundo cha mkono tu, mizunguko midogo, hadi makapi yajikusanye upande mmoja na mbegu zenye rangi ya kijivu iliyokoza zibaki upande wa pili. Huondoa makapi kwa ncha za vidole. Huzungusha tena. Huondoa tena.

Kisha huzikagua. Huchukua chache, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mbegu nzima ina uvimbe mgumu katikati ya utando. Tupu huwa bapa, na mwanga hupenya. Tupu zikizidi, kundi zima hurejeshwa kwenye ungo. Zilizofaulu hutiwa ndani ya bahasha ya kaki, na juu yake huandikwa mwezi na jina la kilima zilikotoka. Haziweki kwenye plastiki, kwa sababu unyevu kidogo uliosalia ungeleta ukungu. Hazichanganyi vilima viwili. Tena huwa amehakikisha, tangu siku ya uzi mwekundu, kwamba mmea mzazi hauko karibu na mshubiri wa aina nyingine, kama Aloe lateritia mwenye majani ya madoadoa, kwani mishubiri huchanganya damu kwa urahisi ndege na nyuki wakipita huku na huku. Anayenunua miche kwa ajili ya kurudisha uoto wa mahali fulani anastahili kupata uzao wa mahali hapo.

Mbegu hizi hazipendi kungoja miaka. Nguvu yake ya kuota hupungua kadiri zinavyokaa, kwa hiyo bahasha hufunguliwa mapema, msimu wa joto ukiruhusu, na kabla ya hapo udongo lazima uwe tayari.

Udongo wake una vitu vitatu. Kwanza mchanga wa mto, uliooshwa ndani ya karai hadi maji yake yatoke meupe. Pili udongo mwekundu wa hapohapo, uliopita kwenye chekeche. Tatu samadi ya mbuzi iliyooza kabisa hadi kupoteza harufu, na hiyo ni kidogo, chini ya nusu ya udongo. Mchanga ndio mwingi kuliko vyote. Huchanganya kwa koleo, akilifunua rundo na kulifunika hadi rangi iwe moja, kisha humwagia maji yanayochemka ili kuua vimelea, akaliacha lipoe. Mwisho hushika konzi moja, akaikaza, akafungua kiganja. Donge linapaswa kusimama. Halafu huligusa kwa kidole gumba, na linapaswa kuvunjika. Likikataa kusimama, udongo hautashika unyevu. Likikataa kuvunjika, utashika maji mengi, na maji mengi ndiyo huua mshubiri haraka kuliko jua.

Kusia mbegu ni kazi ya asubuhi moja. Masanduku yake ni ya mbao, ya kina kifupi, yenye matundu chini. Hulowesha udongo kwanza, akaacha maji yachuruzike, ndipo anaponyunyiza mbegu kwa vidole vitatu, kama mpishi anavyotia chumvi, bila kurundika mahali pamoja. Juu yake hupepetea mchanga mkavu, tabaka jembamba, kiasi cha kuificha mbegu tu. Baada ya hapo hamwagi maji kutoka juu. Huliweka sanduku ndani ya beseni lenye maji machache, na unyevu hupanda wenyewe kutoka chini hadi mchanga wa juu ubadilike rangi. Kwa njia hiyo hakuna tone linaloisogeza mbegu kutoka pale alipoiweka. Sanduku huhamia chini ya kivuli cha fito na nyasi kavu, mahali panapopita hewa.

Hewa ikiwa ya joto na mbegu zikiwa mpya, wiki mbili au tatu hutosha. Kinachotokea ni jani moja jembamba, la kijani, ambalo mgeni angelichukulia kuwa nyasi na kuling'oa. Binti yake, anayemsaidia baada ya shule, alifundishwa jambo hilo kabla ya jingine lolote: ndani ya sanduku la mishubiri, hakuna kung'oa kitu hadi mama aje kutazama.

Wiki zinazofuata ndizo za hatari. Ugonjwa wa kinyausi hushambulia shingo ya mche, pale unapokutana na udongo. Shingo husinyaa, mche hulala, na jirani zake hufuata usiku uleule. Hajaweka dawa kando ya masanduku. Ameweka kijiko. Akiona mche mmoja umelala, huchota mche huo pamoja na udongo unaouzunguka na kwenda kuutupa mbali. Kisha hufungua kivuli kidogo ili hewa izidi, na kwa siku kadhaa sanduku lile halioni maji. Miche mingine huanza kuonekana imenyong'onyea. Mkulima mwingine angekimbilia kopo la kumwagilia. Yeye huingiza kidole udongoni hadi kwenye fundo la kwanza, akakitoa, akakitazama. Kikitoka na chembe za udongo unyevu, huondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii. Katika vitalu vingi ustadi hupimwa kwa kile mtu anachotoa: maji, mbolea, dawa. Hapa sehemu kubwa ya ustadi iko katika kuuzuia mkono. Mshubiri unaopewa kila kitu hukua haraka, huwa mnene na wa kijani kibichi, nao hufa mwezi wa kwanza unapopelekwa mlimani. Tangu sandukuni, mama huyu anaulea mmea kwa ajili ya mahali ambapo yeye hatakuwepo.

Mche ukifikisha majani matatu au manne, yaliyojipanga mkabala katika safu mbili, wakati wa kuatika umefika. Viriba vimeshajazwa na kupangwa kwa mistari. Ana kijiti kilichochongwa, chenye ncha isiyo kali sana. Hukichomeka kando ya mche na kuinua udongo kutoka chini, hivi kwamba mche unajitoa bila kuvutwa. Huushika kwa jani. Shingo haiguswi, maana jani lililoumia litapata mwenzake na shingo ni moja tu. Mizizi ya mshubiri ni minene kwa umri wake, na ikikunjwa kuelekea juu huendelea kukua ikiwa imepotoka. Basi hutoboa kiriba shimo refu kuliko mzizi, huushusha mche hadi chini, kisha huuvuta juu kidogo ili mizizi ininginie wima, na kubana udongo kwa vidole viwili. Sijamwona akirudia mche mmoja mara mbili.

Baada ya kuatika, mazao mengi humwagiliwa papo hapo. Miche hii huachwa mikavu kwa siku chache. Mzizi uliochubuka unahitaji muda wa kujifunga, na maji yakiufikia ukiwa na kidonda huanza kuoza. Siku hizo chache, safu zote za viriba zikiwa zimekauka na mkuzaji akipita katikati yake mikono nyuma, zinahitaji moyo.

Halafu inakuja miezi. Majani yaliyokuwa safu mbili huanza kuzunguka, moja likijitenga kidogo na lililotangulia, hadi mmea upate duara lake. Kivuli hupunguzwa fito moja moja. Siku kati ya maji na maji huongezeka: nne, halafu saba, halafu kumi na zaidi. Wadudu magamba, wale weupe wanaojibandika chini ya jani, huwasugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, jani kwa jani. Rangi nayo hubadilika. Chini ya jua kamili na maji machache, majani hupata wekundu wa kahawia, na wageni humwonea huruma wakidhani miche inaugua. Yeye huibana kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya jani, kama anavyofanya kila juma. Jani lenye akiba hurudisha nguvu kwenye kidole. Lililoishiwa hukubali kubonyea. Kwa hilo anajua siku ya maji vizuri kuliko kalenda ingemwambia.

Muda wote huo mmea unafanya kazi yake ya usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana na kupoteza maji mengi juani. Mshubiri huvifunga mchana, ukavifungua kukishapoa, ukavuta hewa ya kaboni na kuihifadhi hadi asubuhi, ili uitumie jua likitoka huku milango imefungwa. Hakuna mkuzaji anayeweza kuufundisha mmea jambo hilo, kwani umezaliwa nalo. Anachoweza ni kuupa sababu ya kulitumia, na ndiyo maana ya zile siku kumi zisizo na maji.

Mwaka mmoja au zaidi ukipita, miche huwa tayari kuondoka, na njia zake ni mbili.

Njia ya kwanza huenda kwenye bustani. Wanunuzi hutoka Nanyuki, kwenye nyumba za wageni, na wengine Nairobi, ambako watunza bustani wamechoka kunyweshea nyasi wakati mabomba yamekauka. Kabla ya kuwauzia huwauliza watapanda wapi. Penye mteremko wa mawe, vizuri. Kando ya njia ya gari, vizuri. Katikati ya nyasi zinazomwagiliwa kila jioni, huwaambia wazi kwamba wanapoteza fedha zao. Huwaelekeza wainue ardhi kidogo, wachanganye kokoto, waache shingo ya mmea juu ya usawa wa udongo, na wakishapanda wasubiri kabla ya kumwaga maji. Ikipandwa kwa umbali wa hatua moja moja, mishubiri hii hufanya ua ambao mifugo haiuli, na miaka mitatu au zaidi tangu mbegu, huanza kuwaita chozi mjini. Laikipia inajua gharama ya kuchagua vibaya: mpungate, ulioletwa kutoka Amerika na kupandwa kuwa ua, uliruka ua huo na leo umefunika malisho mengi. Mshubiri una wadudu wake, ndege wake na mipaka yake hapahapa.

Fedha za bustani ndizo zinazowezesha njia ya pili, ile ambayo kwayo macho yake hung'aa anapoieleza: kurudi kwenye ardhi iliyochakaa.

Ardhi hiyo iko upande wa pili wa lugga, mto unaokauka kiangazi. Ni uwanda mwekundu uliokanyagwa na kwato hadi juu yake pakafanya gamba gumu. Mvua ikinyesha, maji hayaingii. Huteleza juu ya gamba, hukusanyika, huchimba makorongo na kuondoka na mbegu yoyote iliyokuwa imelala hapo. Kazi huanza kiangazi, kabla ya mvua za Machi au za Oktoba. Kifaa cha kwanza ni fito mbili zilizofungwa juu na kushikwa na ubao wa kati, zikafanya umbo la A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukikaa kwenye alama ya katikati ya ubao, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja. Mama hushika kilele, binti hupigilia vigingi, na fito hutembea mguu mmoja baada ya mwingine kuuvuka mteremko. Mstari unaopatikana hupinda, kwa sababu ardhi yenyewe imepinda.

Juu ya mstari huo huchimbwa mashimo ya nusu mwezi, mdomo wake ukielekea kule maji yanakotoka. Sururu huvunja gamba, jembe hutoa udongo, na udongo hujengwa kuwa tuta upande wa chini. Mishubiri hupandwa kwenye mgongo wa tuta na kwenye ncha zake mbili, kamwe si chini ya shimo ambako maji yatatuama. Kila mche hutolewa kiriba chake siku mbili tatu kabla, ukalazwa kivulini mizizi nje ili majeraha yakauke. Ni mimea michache inayostahimili hilo. Kisha hupandwa, udongo hukandamizwa kwa kisigino, mawe mawili matatu huwekwa upande wa juu, na kopo la maji hubaki nyumbani. Mvua ndiyo itakayomwagilia. Chini ya shimo hurushwa mbegu za nyasi za asili, Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, nyasi ambazo wafugaji wa nchi kavu wanazithamini.

Hapo ndipo mshubiri unapoanza kulipa malezi yake. Majani yake yaliyojipanga kwa duara hukamata vumbi, takataka za majani makavu na mbegu zinazopita na upepo. Kivuli chake hukawiza kukauka kwa udongo. Meno yake na uchungu wake huweka mdomo wa mbuzi mbali na chipukizi changa lililojificha chini yake. Elizabeth King na Maureen Stanton waliuchunguza uhusiano huo katika malisho yaliyochakaa ya Kenya, na mwaka 2008 walichapisha matokeo yao katika jarida la Restoration Ecology: mishubiri husaidia nyasi kushika, kukua na kuzaa mbegu. Mama huyu hakuhitaji jarida ili kuona kwamba nyasi za kwanza huota miguuni mwa mishubiri, lakini nilipomweleza habari hiyo aliitikia kwa furaha ya fundi aliyesikia kwamba kipimo chake kimelingana na cha fundi mwingine.

Nilimuuliza anajuaje kama shamba limefaulu. Nilitarajia aniambie idadi ya miche iliyopona, au mwaka wa maua ya kwanza. Alinipeleka kwenye tuta la zamani, akapiga goti, akatenga majani ya mshubiri kwa viganja viwili. Katikati yake palikuwa na shada la nyasi lenye masuke, na kando ya shada, mahali ambapo hakuna aliyerusha mbegu, nyasi nyingine tatu changa. Hizo tatu ndizo alizozihesabu. Zile za shimoni alizipanda yeye. Hizi zimekuja zenyewe, zimekuta kivuli, kinga na unyevu kidogo, yaani vitu vilevile alivyoipa mishubiri ilipokuwa sandukuni. Kazi ya kitalu imehamia kwa mmea, nao unaifanya bila yeye.

Tumezoea kuliweka neno fundi kwa anayechonga mlango, anayeunda jahazi, anayeshona kanzu, kwa kuwa kazi yao inakamilika mbele ya macho yetu na kubaki vile walivyoiacha. Mkuzaji wa mishubiri anastahili neno hilo kwa ukamilifu wake. Anajua kupeta kilicho chepesi kama makapi yake, kushika mche bila kuugusa shingo, kusoma kiu kwa kidole gumba, kuupima mteremko kwa uzi na jiwe. Zaidi ya yote anajua kusubiri bila kuacha kutazama, na hilo halijifunzwi kwa haraka. Kaunti zetu kame zina uwanda mwingi mwekundu unaongoja mikono ya namna hii. Wanaopanga bajeti za kurudisha uoto wangefanya vyema kuanzia kwenye vitalu kama hiki, kuwalipa wenye ujuzi huu kwa miaka ambayo kazi inahitaji, na kuwapa vijana nafasi ya kukaa kando yao hadi nao waweze kulitofautisha jani la kwanza la mshubiri na jani la nyasi.